Wali Usioguswa na Kunguru

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa kale wa Kathiawar, huko Bara Hindi, aliishi mcha Mungu aitwaye Devshankar. Kazi yake, aliyoirithi kwa baba na babu, ilikuwa kusimama mlangoni pa hekalu kila jua lichomozapo na kuwatangazia Wahindu wenzake siku: jina lake katika wiki, nyota ambayo mwezi umefikia, na tithi, yaani siku ya mwezi. Na tithi ina vituko vyake. Huweza kuanza jua likiwa limekwisha kuchomoza, ikaisha kabla halijachomoza tena. Hiyo husemwa imemezwa, na hesabu huiruka.

Basi ukafika msimu wa kuwakumbuka wafu, kila mmoja kwa tithi aliyofariki, mawingu yametanda na mwezi hauonekani. Devshankar hakuirudia hesabu yake. Alijiamini, na kujiamini kumewaponza wengi. Akatangaza, "Tithi ya saba imemezwa. Leo ni ya nane."

Mume wa mjane mmoja, Hiraben, alifariki tithi ya nane. Mjane huyo akafunga, akapika wali wa maziwa, akauweka juu ya paa, kwani kwao kunguru akila, marehemu amepokea. Kunguru wakaja hata paa likawa jeusi. Wakauzunguka wali, wakanyamaza. Hakuna aliyelia wala aliyedonoa. Upepo ulipeperusha manyoya yao, wenyewe hawakutikisika. Kila paa lenye wali lilikuwa hivyo hivyo, na mji ukaingiwa na hofu.

Hiraben akamwita Devshankar. Alipopanda ngazi, kunguru wote wakageuza vichwa, wakamtazama yeye.

"Maharaj," mjane akamwita kwa heshima huku akilia, "mume wangu amenikasirikia. Siku ile ya mwisho aliomba maji, nami nikachelewa kisimani. Nilijua iko siku ataniuliza."

Adhuhuri ile Devshankar alikuwa ameirudia hesabu kwa siri, akaona kwamba ya saba haikumezwa. Ndiyo hiyo leo. Akisema, heshima ya ukoo wake itakwenda na maji. Akinyamaza, hakuna atakayejua, ila mama huyu atakufa akijilaumu bure.

"Hiraben, dada yangu, futa machozi," akasema. "Mumeo hana neno nawe. Mimi ndiye niliyekosea. Tumemwita mgeni kabla ya siku yake."

Kunguru wakaruka wote pamoja, bila sauti.

Akaenda hekaluni, akayasema hayo hayo mbele ya watu. Wako waliomzomea, na wazee wakamvua kazi. Akastahimili, hakujitetea.

Kesho yake Hiraben akapika tena, na safari hii akaweka na bakuli la maji. Akamwomba Devshankar ampandishie. Kunguru mmoja akatua. Hakuugusa wali kwanza. Akainamia bakuli, akanywa, akanywa tena, kama aliyetoka safari ndefu. Ndipo akala.

Hiraben akaketi pale pale juu ya paa, akalia kilio cha mtu aliyesamehewa.

Enyi wenzangu, mwenye elimu akificha kosa lake, mzigo wake hubebwa na asiyejua. Mola atujaalie ulimi mwepesi wa kukiri.