Meno Mawili ya Mwalimu Syombua

Msomaji, kaa chini kwanza, maana hili utasema nimelitunga. Mama mmoja wa huku kwetu Machakos alipandikizwa meno mawili, yenye mizizi ya chuma iliyokazwa ndani ya mfupa, kisha akayang'oa mwenyewe. Hakutumia koleo wala kamba. Aliyang'oa kwa neno moja tu: "Hapana." Wahenga walisema mficha uchi hazai, wakimaanisha kwamba anayemwonea haya mkunga asitarajie kubeba mtoto. Wengi hudhani methali hii ni ya akina mama wajawazito peke yao. Kumbe hata jino lina mkunga wake.

Mama huyo aliitwa Syombua. Alikuwa amestaafu ualimu, lakini Jumapili alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko chaki. Katika kanisa lao, ndani ndani kutoka soko la Kyumbi, yeye ndiye aliyesimama kando ya mhubiri na kuyageuza maneno ya Kiswahili kuwa Kikamba, ili wazee wasikose kitu. Mhubiri akinong'ona, alinong'ona. Akilia, alilia. Wazee wengine walisema wazi kwamba mhubiri ni mgeni tu, neno lenyewe hutoka kwa Mwalimu.

Kisha akateleza kwenye ngazi ya tangi la maji, meno mawili ya mbele, ya juu, yakavunjika hadi kwenye mizizi. Akatengenezewa meno ya bandia, yale ya kuvaa na kuvua. Jumapili ya Pasaka mhubiri alipaza sauti, "Amefufuka!" Mwalimu naye akapaza kwa Kikamba kwa nguvu zake zote, na yale meno yakaruka kama panzi, yakatua miguuni pa wazee wa mstari wa mbele. Watoto walicheka hadi wakatolewa nje. Syombua aliinama, akayaokota, akashindwa kuendelea. Kijana mmoja, Musau, akaitwa amalizie.

Tangu siku hiyo Musau alianza kuzoea mimbari. Halafu habari ikaja: mwezi wa Desemba askofu angefungua kanisa jipya. Wazee wakaamua kwamba mdomo wa Mwalimu ukiwa umepona, atatafsiri yeye. La sivyo, nafasi ni ya Musau, na ni ya kudumu.

Kaloki, mwanawe anayeishi Syokimau, alimpigia simu.

"Mwaitu, mama yangu, siku hizi kuna meno ya kupandikizwa. Hayaruki."

"Yanapandwa? Kama mahindi?"

"Kama mahindi, mama. Lakini hata hayo yanataka shamba nzuri."

Kaloki akauza madume yake mawili ya ng'ombe, na mama akaingia kliniki moja mjini Machakos.

Daktari aliitwa Farhia, binti wa wauza mifugo, mzaliwa wa mji huo huo, anayejua Kikamba cha sokoni. Alimpiga picha ya taya, akamweleza polepole. "Mama, hii si kitu ya siku moja. Naweka skrubu kwa mfupa, halafu tunangoja miezi minne, hata sita, mfupa uishike. Ikishika ndio naweka jino juu. Mfupa ukikataa, hakuna jino. Kwa hivyo nitakuuliza maswali mengi, na uniambie ukweli wote."

Aliyeshika fomu na kalamu alikuwa Kamene, msaidizi wa daktari. Kamene huyo huyo alikuwa katibu wa akina mama wa kanisa lao. Syombua alipomwona alifurahi. Hakujua furaha hiyo ingemgeuka.

"Uko na sukari?" daktari aliuliza.

"Sina."

"Presha? Dawa ya mifupa? Fizi kutoa damu?"

"Sina. Hapana. Hapana."

"Tumbako? Sigara, ugoro?"

Kalamu ya Kamene ikangoja. Syombua akalishika fundo la leso yake. Alipokuwa msichana, jino lilimuuma usiku na mchana, na susu yake, nyanya mzaa baba, akambandikia ugoro kidogo kati ya mdomo na ufizi. Maumivu yaliondoka, ugoro ukabaki. Ulibaki miaka arobaini, ndani ya kikopo cha mafuta ya kujipaka, chini ya leso. Na katika kanisa lao mtumia tumbako hafiki kwenye meza ya Bwana. Mahubiri hayo yote yalitafsiriwa na nani? Na yeye mwenyewe, kwa sauti ya kutetemesha mabati.

"Hapana," alisema.

"Hata kidogo? Hapa hakuna dhambi mama, ni matibabu tu."

Kamene akacheka. "Aiya, daktari! Huyu muulize vitu zingine. Si huyu ndiye hutukataza?"

Basi mlango wa kusema ukweli ukafungwa na rafiki, bila rafiki huyo kujua. Kamene akaandika: hatumii.

Skrubu zikawekwa. Syombua alivumilia siku tatu. Siku ya nne mwili ulimdai deni lake, akafungua kikopo. Lakini alikuwa mwerevu, au alijiona hivyo: aliuweka ugoro upande wa nyuma, mbali na zile skrubu, kana kwamba mate yana ukuta.

Wiki ya sita ufizi ulivimba na kutoa harufu. Alirudi kliniki. Siku hiyo Kamene alikuwa likizo. Walikuwa wawili tu, yeye na daktari, na dirisha limefungwa.

"Mama, kuna kitu hujaniambia?"

Angesema wakati huo. Lakini uongo ukishaandikwa kwa wino humfunga mwenyewe kama ng'ombe kwenye kigingi. Alimwonea haya daktari kwa sababu ya "hapana" ya kwanza, akaongeza ya pili. Farhia akasafisha kidonda, akampa dawa, akamwombea heri.

Oktoba, skrubu zote mbili zilicheza chini ya kidole kama mche uliotikiswa na kuku. Farhia alizitoa bila shida yoyote, na hilo ndilo lililomtisha. Picha ikaonyesha mfupa umelika. Kamene alisimama kando akishika sinia. Daktari akavua glavu, akakaa, akajishika kichwa.

"Sielewi," alisema. "Nimefanya kila kitu sawa. Sitaweka mtu mwingine meno haya mpaka nijue nilikosea wapi."

"Hata huko kwetu wameanza kusema," Kamene alinong'ona. "Ati daktari ni wa kubahatisha."

Maneno hayo yalimchoma Syombua kuliko sindano zote. Msichana wa watu alikuwa akibeba lawama isiyo yake.

"Kamene, toka nje kidogo," aliomba. Kamene akageuka kwenda. Kabla hajafika mlangoni Syombua akasema, "Hapana. Rudi. Sikia." Akafungua fundo la leso, akatoa kikopo, akakiweka kwenye sinia kando ya zile skrubu mbili. Harufu ikajaa chumba.

Hakuna aliyecheka. Kamene aliiweka sinia mezani.

"Asi, Mwalimu," alisema. "Na ningeandika tu. Ningeandika na ninyamaze. Ya hapa hubaki hapa."

Farhia alishusha pumzi. "Mama, ungeniambia ile siku ya kwanza, nisingegusa mfupa wako. Ningekutengenezea daraja, jino la kushikwa na yale ya kando. Kwa wiki tatu ungekuwa unacheka." Akaitazama tena ile picha. "Sasa hata ya kando yamelegea. Tutaanza na kuacha ugoro, mwaka mzima. Halafu tutaona kama mfupa utajengeka. Siwezi kukuahidi."

Desemba ilifika, askofu akaja. Alihubiri Kiswahili kitamu cha Pwani, na Musau akakimbia nyuma yake kama mtu anayefukuza kofia iliyopeperushwa na upepo. Nusu ya maneno yalianguka njiani. Wazee waligeuza shingo, wakimtafuta kwa macho yule waliyemzoea. Mwalimu Syombua alikuwa mstari wa tatu, karibu na Kamene, mdomo umefumbwa. Koo lake lilipanda na kushuka. Alikuwa akitafsiri kila neno, lote, sawasawa, na hakuna aliyemsikia.

Sasa wewe msomaji, ungekuwa kwenye kile kiti, kalamu ya mtu wa kanisa lako ikikungoja, ungejibu nini? Usinijibu haraka. Jiulize kwanza una kikopo gani chini ya leso yako, na ni mkunga gani unayemficha, kwa maana mficha uchi hazai.