Nguchiro, Kifaru na Injini Isiyonguruma

Ngano, ngano.

*Ipite, mlango uko wazi.*

Imekuja na uongo wake.

*Ukae. Ukweli tumeshaula mchana.*

Hapo kale, lakini si kale sana, maana chuma kilikuwa kimeshafika duniani, Nguchiro aliishi katika Bonde la Mawe Mekundu. Nguchiro alikuwa mdogo. Pua ndefu, mkia mwembamba, watoto watatu. Sauti yake ilikuwa ya chini mno. Akipiga hodi, mwenye nyumba hudhani ni upepo.

Katika bonde hilo hilo aliishi Kifaru. Kifaru alikuwa mkubwa. Shingo nene, pembe mbili, macho mabovu. Kwa kuwa hakuona vizuri, kila kitu alikipima kwa sikio. Mnyama akinong'ona, Kifaru alimhesabu mjinga. Mnyama akipayuka, Kifaru alimhesabu mwenye akili. Yeye mwenyewe alipayuka tangu asubuhi.

Kifaru alikuwa na sheria moja, na sheria ilikuwa hii: "Chuma kilicholala ni cha Kifaru. Chuma kinachotembea ni cha mwenyewe."

Lori likifa njiani, la Kifaru. Baiskeli ikilazwa chini mwenyewe akinywa maji, ya Kifaru. Ngiri alijifunza kula chakula chake huku jembe liko begani. Na nyuma ya nyumba ya Kifaru palikuwa na lundo la vyuma lililofika kwenye matawi ya mgunga, naye hakujua hata kimoja kinafanya kazi gani. Alijua tu kwamba ni vyake.

Siku moja Nguchiro aliona picha dukani, kwenye kalenda ya mwaka uliopita. Ilikuwa picha ya gari la mbio. Jekundu, fupi, viti viwili, limeinama kama paka anayenyemelea. Nguchiro akaitazama. Kesho yake akarudi, akaitazama. Kesho kutwa akamwambia rafiki yake Kanga, "Nitalitengeneza lile."

Kanga na Nguchiro walikuwa mashoga, mama kwa mama. Kulikuwa na makubaliano kati yao kuhusu mayai, na mara nyingi yaliheshimiwa.

"Shoga," Kanga akasema, "gari lile linatengenezwa ng'ambo."

"Linatengenezwa na mikono."

"Mikono ya huko."

"Huko mikono ina vidole vingapi?"

Kanga akaenda kutafuta nyundo.

Basi Nguchiro akaanza. Akipata pipa bovu, alilikimbiza nyumbani akiliviringisha, kwa kuwa chuma kinachokimbizwa hakijalala. Akalipasua, akaligonga, ngo, ngo, ngo. Akipata bati la tangi, alilikimbiza nyumbani. Akalikunja, akaligonga, ngo, ngo, ngo. Fremu aliitoa kwenye kitanda chake mwenyewe, na watoto wakawa wanalala ndani ya gari. Rangi alichanganya udongo mwekundu na mafuta. Mvua mbili za masika zikapita. Siku alipofunga gurudumu la nne, alikaa chini mbele ya gari lake, na lilikuwa kama lile la kalenda, ila taa moja ilitazama pembeni kidogo.

Kifaru akasikia kwamba ngo-ngo-ngo imekoma. Akaja. Akaligusa gari kwa pembe. Kong.

"Linalia vizuri," akasema. "Linatembea?"

"Bado, Bwana Kifaru. Halina injini."

"Basi limelala. Ni langu."

"Halijalala. Linasubiri."

"Sema kwa sauti, we mama. Unavuma tu kama nzi."

Nguchiro hakupandisha sauti. Alipanda juu ya boneti, akalisogelea sikio la Kifaru, akasema taratibu, "Nimesema, linasubiri. Nipe mpaka siku ya gulio. Likipanda Kilima cha Kisigino na mimi ndani na watoto wangu ndani, ni gari, na ni langu. Lisipopanda, ni bati. Chukua."

Kifaru akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda. Akaona hivi: injini ninazo, lundo zima, lakini nzuri siijui. Huyu anaijua. Acha aichambue kwa jasho lake, kisha nzuri nibaki nayo mimi, mbovu imwue kilimani. Hapo nitakuwa na gari na injini, na sijashika hata spana.

"Haya," akasema. "Ingia kwenye lundo langu, chagua injini. Lakini utaniletea mbili, zikiwa zinaunguruma, na mkubwa huchagua kwanza. Nitakayoiacha ndiyo yako."

"Mkubwa huchagua kwanza," Nguchiro akasema. "Watu wote wamesikia."

Nguchiro akaingia kwenye lundo, na Kanga nyuma yake na kamba. Kupima injini kwa Nguchiro kulikuwa hivi: unaiweka juu ya magogo, unaiwasha, juu yake unaweka kikombe cha uji. Kisha unatazama uji, husikilizi kelele.

Akaitoa injini ya lori. Akaiwasha. Gududu, gududu, gududu. Uji ukatulia, ilikuwa injini nzima kabisa. Lakini walipoiegemeza kwenye pua ya gari, pua ikagusa ardhi na magurudumu ya nyuma yakaning'inia hewani.

"Hiyo injini inataka kulibeba gari, au gari liibebe?" Kanga akauliza.

"Irudi."

Akaitoa injini ya pikipiki. Akaiwasha. Titititititi. Uji ukatulia. Nguchiro akaipenda, akaishika huku na huku. Kisha akawatazama watoto wake, ambao walikuwa wamekula sana mwaka ule.

"Hii itanipeleka mimi," akasema. "Watoto itawaacha chini. Irudi."

Akaitoa injini ya mashine ya kusaga. Akaiwasha. Tuku, tuku, pfuu. Kikombe kikaruka, uji ukammwagikia Kanga. Pistoni zilikuwa zimelegea kama meno ya anayekaribia kuwa kibogoyo.

"Irudi?" Kanga akauliza, akijipangusa.

"Hii tunaiweka hapa," Nguchiro akasema.

Chini kabisa ya lundo akapata injini ya teksi. Teksi yenyewe ilikuwa imeoza milango na paa, lakini injini ilikuwa imefungwa ndani ya matope kama samaki kamongo wakati wa kiangazi. Akaiosha. Akabadilisha mafuta. Akaiwasha. Uji juu yake ukasisimka ngozi tu, usimwagike hata tone. Na haikuwa nzito, na haikuwa dhaifu.

Nguchiro akaiwekea mkono.

"Ndiyo hii?" Kanga akauliza.

"Ndiyo hii."

"Na yeye ataichagua kwanza."

"Ataichagua kwa nini, shoga?"

"Kwa sikio."

"Haya, tufanye kazi ya sikio."

Ile ya mashine ya kusaga wakaikata bomba la moshi, mahali pake wakafunga chungu kikubwa kilichopasuka kitako. Ile ya teksi wakaitia bomba refu, ncha yake ndani ya debe lililojaa kokoto na maganda ya karanga. Moshi ulipita kati ya kokoto ukatoka upande wa pili, kelele ikabaki humo humo.

Siku nne kabla ya gulio, Kifaru akaja kuchagua. Nguchiro akawasha ya teksi. Nnnnn.

"Imewaka?" Kifaru akauliza.

"Imewaka, Bwana."

"Inaumwa hiyo. Washa nyingine."

Nguchiro akawasha ya mashine ya kusaga. NGURU-TUKU, NGURU-TUKU, NGURU-TUKU. Ndege wakahama mgunga. Kifaru akafumba macho, kama anayesikia jina lake likitajwa harusini. Kikombe kilikuwa bado juu ya injini. Kikaruka, uji ukampata puani.

"Nini hiki?"

"Manyunyu, Bwana Kifaru," Kanga akasema, akageuka upande kukohoa kicheko.

"Hii ni yangu," Kifaru akasema. "Hii ina akili. Wewe chukua hiyo mgonjwa yako."

"Bwana Kifaru," Nguchiro akasema, "nimehangaika siku ngapi kuzitafuta. Nitapandaje na hii?"

"Mkubwa huchagua kwanza."

"Watu wote wamesikia," Nguchiro akasema, akainamisha kichwa. Hakulia, hakucheka. Alikuwa anatazama kama bolti nne za kufungia injini zinatosha.

Siku nne walifunga. Kanga akavuta kamba, Nguchiro akaingia chini ya gari. Injini ya teksi ikakaa pale kwenye fremu ya kitanda, na debe la kokoto wakalifunga chini ya gari kwa waya.

Siku ya gulio ikafika. Wanyama wote walikwenda Kilima cha Kisigino badala ya sokoni. Wengine walisema atafika. Wengi walisema hatafika, na kuna waliobeba karanga za kutafuna wakati wa aibu.

Kifaru alikuwa juu kileleni tangu mapema. Alikuwa ameikokota injini yake mpaka huko, tayari kuifunga kwenye gari mara tu litakapokufa. Na aliiacha inaunguruma. NGURU-TUKU, NGURU-TUKU.

"Nyamazeni wote," akasema. "Namsikiliza akija."

"Zima basi hiyo yako," akasema Kanga, aliyekuwa kileleni na wanyama wengine.

"Nikiizima, watajuaje kwamba ninayo?"

Huko chini Nguchiro aliwafunga watoto kwa kitenge kimoja, wawili kwenye kiti, mmoja mapajani. Miaka miwili, kitanda, mapipa, vidole vilivyokatika kucha, vyote viko kwenye kilima kile. Akawasha. Nnnnn. Akatia gia.

Gari likapanda. Kwenye mchanga likateleza, likapanda. Kwenye mawe likaruka, likapanda. Kwenye kona ya mwisho, pale ambapo punda hushuka kwa matako, likasita, nnn, nnn, na Nguchiro akasema chini kwa chini, "Nenda mwanangu," likapanda.

Likafika kileleni, likasimama hatua kumi kutoka kwenye mkia wa Kifaru. Wanyama wakaacha kutafuna. Kifaru alikuwa bado anatazama bondeni, sikio moja mbele.

"Kimya kabisa," akasema kwa furaha. "Amekwama. Bati ni langu."

"Nimefika, Bwana Kifaru," Nguchiro akasema.

Kifaru akageuka. Akakunja macho. Akaona wekundu fulani.

"Sijalisikia likipanda," akasema.

"Limepanda."

"Kisichosikika hakitembei. Lilibebwa. Ni chuma kilicholala."

"Sheria yako inasema kutembea. Haikusema kusikika."

"Sheria ni yangu. Naongeza leo."

Injini ya Kifaru ikaendelea, NGURU-TUKU, NGURU-TUKU. Ngiri akashika jembe lake vizuri. Kila mnyama pale alikuwa amewahi kuchukuliwa kitu, na kila mmoja alitazama ardhi.

Nguchiro hakutazama ardhi. Pia hakupandisha sauti.

"Ongeza," akasema. "Ongeza mpaka uchoke. Mimi sikujenga gari hili ulisikie. Nimelijenga niende. Kama limelala, Bwana Kifaru, aliyelala hukamatwa. Likamate."

Kanga akafunika uso kwa bawa.

Kifaru akashusha pembe. Alikuwa hajawahi kuambiwa "likamate" na mnyama wa ukubwa ule. Akapiga kwato, akavuta pumzi, akatega sikio gari liko wapi. Gari ni kitu chenye injini. Injini ni kitu chenye kelele. Na kileleni pale kulikuwa na kelele moja tu, nayo ilitoka kushoto.

Akaenda kushoto. Dududududu. GBAM.

Injini ikaruka kama chura. Ikapiga jabali, ikapiga jabali la pili, ikaporomoka upande wa pili wa kilima. Nguru. Tuku. Pfuu. Ikanyamaza korongoni, ambako hata Kifaru hawezi kushuka.

"Nimelipata," Kifaru akasema, akihema.

Basi ikawa mara ya kwanza tangu asubuhi kilima kile kuwa kimya, na katika ule ukimya wanyama wote wakasikia sauti ndogo, laini, ikishuka njia ya mtoni, ikienda mbali. Nnnnn.

Kifaru akasimamisha masikio yote mawili.

"Ngoja," akasema. "Sasa nalisikia. Liko wapi?"

"Linatembea, Bwana," Ngiri akasema. Akaliweka jembe lake chini, taratibu, mbele ya miguu ya Kifaru, akaketi kula karanga.

Basi, wanangu, funzo la ngano hii ni kwamba tuwaheshimu wenye sauti kubwa, maana wanajua. Mama mwenye watoto asishike spana. Picha ya kalenda ni ya kutazama tu, na vitu vya ng'ambo tuwaachie wa ng'ambo. Na siku mkichagua injini, chagueni ile inayonguruma kuliko zote, msitazame uji.

*Na Nguchiro je?*

Nguchiro funzo halikumfikia. Alikuwa ameshapita.

Ngano yangu nimeiegesha hapa. Aliyeipenda aipande, asiyeipenda aisukume.