Kopo la Mzee Singano

"Mgeuza kopo kwa kila mpita njia, ua lake halina uso."

Maneno hayo shangazi yetu, Bi Mwanahawa, alimrushia Kibwana, mtoto wa baba mdogo, jioni moja tulipokuwa tunapukuchua mahindi nyumbani kwake. Kibwana alikuwa ameikubalia timu ya mtaa wa Juu kuichezea Jumamosi. Timu ya mtaa wa Chini nayo alikuwa ameikubalia. Na mechi yenyewe ilikuwa Juu dhidi ya Chini. Mimi nilimshauri avae jezi mbili, moja juu ya nyingine, awe anavua kulingana na mpira unakoelekea.

"Shangazi, kopo gani tena, na ua gani?" Kibwana akalalamika. "Hapa tunazungumzia mpira."

"Mnazungumzia mpira nyinyi. Mimi nakuzungumzia wewe. Pukuchua, nikueleze maneno hayo yalikotoka."

Akatikisa kanga kuondoa pumba, akaanza. Mambo yalikuwa hivi.

Huko juu milimani Usambara, penye ukungu hata saa nne ya asubuhi, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwendulele. Watu wa kule walikuwa na ugonjwa mmoja: begonia. Ua hilo hupenda baridi, hutoka kwenye kiazi, na likifunguka huwa na matabaka kama gauni la bibi harusi. Kila mwaka kikundi cha wapanda maua kilifanya maonyesho katika ukumbi wa kijiji, na mshindi wa begonia hakupewa kikombe. Alipewa ufunguo. Ulikuwa ufunguo wa kitalu cha kikundi, pale penye chemchemi, na mwenye ufunguo ndiye aliyekitunza kitalu mwaka mzima, akauza miche na kula kwa jasho lake.

Mwaka ule hakuna aliyeutaka ufunguo kama Mzee Singano. Alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni, na nyumba hiyo ilikuwa imefungwa. Mtoto wake, Hoza, alikuwa Tanga, na alikuwa ameshawaambia wazazi wake washuke wakakae naye. Chumba kipo. Shida ni kwamba mkewe, Mama Hoza, hakuliweza joto la Tanga. Aliwahi kushuka mara moja kwa ajili ya harusi, na harusi nzima aliisikiliza kutoka uani, miguu iko kwenye beseni la maji.

"Tukipata ufunguo, tunabaki," Mzee Singano alimwambia. "Tukikosa, tunafunga mizigo."

"Basi upate," akasema Mama Hoza.

Kiazi chake kilikuwa kizuri. Alikipanda katika kopo la mafuta ya kupikia, akaliweka juu ya jiwe mbele ya nyumba, na begonia ikachipua kwa nguvu mpaka majirani wakawa wanaulizana inalishwa nini. Sasa, begonia ina tabia yake. Hutafuta mwanga, ikachagua upande, ncha za majani zikaelekea huko, na maua yakija nayo hutazama hukohuko. Ikishachagua, mtu wa busara huiacha.

Lakini nyumba ya Mzee Singano ilikuwa kwenye njia panda. Njia moja ilishuka sokoni, nyingine ilipanda shuleni, na ubavuni alikaa jirani yake, Shekalaghe, ambaye dirisha la jiko lake lilitazama jiwe lile. Na Mzee Singano mwenyewe alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Neno "hapana" kwake lilikuwa kama mwiba wa samaki: lilifika kooni, likakwama.

Wa kwanza walikuwa watu wa sokoni.

"Mzee Singano! Mbona ua lako limetupa kisogo? Sisi wa sokoni tuna ubaya gani?"

"Hapana ubaya, ndugu zangu," akasema, akaligeuza kopo.

Mchana wakashuka walimu. "Mzee wetu, tunaona majani tu. Maua ni ya wauza ndizi peke yao?" Akaligeuza. Jioni Shekalaghe akatoa kichwa dirishani, mwiko mkononi. "Jirani, jembe langu unaazima kila siku, na mimi nastahili shina tu?" Akaligeuza tena.

Ikawa ndiyo kazi yake. Akisikia kikohozi njiani, huyo, mbio kwenye kopo.

"Baba Hoza," mkewe akamwuliza siku moja, "hiyo ni begonia au feni?"

"Watu wanapenda kuliona, mke wangu. Nitawanyimaje?"

"Watu hao ndio watakaotoa ufunguo?"

Mzee alikuwa ameshakimbilia kopo. Palikuwa na mtu anakohoa njiani.

Chini kidogo katika njia hiyohiyo aliishi Bi Kaoneka, mama mjane ambaye watu walisema ulimi wake umepakwa upupu. Yeye naye alikuwa na begonia, ya kawaida tu, ameiegemeza ukutani. Watu wa sokoni walipomwambia kwamba ua lake limewapa mgongo, hakuinua hata kichwa.

"Zunguka. Wewe una miguu, lenyewe halina."

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Meza ilisogezwa ukutani na makopo yakapangwa. Kanuni yao ilikuwa moja na kila mtu aliijua, Mzee Singano akiwemo: mwamuzi husimama mbele, hazunguki meza, na maua ya shina moja sharti yamtazame kwa pamoja. Mwamuzi mwaka huo alikuwa Mzee Mbwambo, mgeni kutoka Upare.

Kopo la Mzee Singano lilipowekwa mezani, ukumbi mzima ulivuta pumzi. Maua yake matatu yalikuwa makubwa kama sahani za chai. Mama Hoza, aliyekuwa amekaa nyuma, akaanza kutabasamu.

Mzee Mbwambo akasimama mbele ya kopo. Akainamisha shingo kushoto. Akainamisha kulia.

"Geuza kidogo, mzee!" mtu akapiga kelele.

Mzee Singano akageuza. Ua moja likaja, la pili likaondoka.

"Siyo huko! Kushoto!"

Akageuza.

"Huku kwetu, mzee, huku kwetu!"

Akageuza tena, jasho linamtoka, na hii ilikuwa Kwendulele, si Tanga.

"Mzee Singano, acha," Mzee Mbwambo akasema taratibu. "Maua yako ni makubwa kuliko yote yaliyopo hapa. Lakini niambie, nikisimama hapa, lipi linanitazama?"

"Hili hapa, mzee wangu."

"Na haya mengine yanamtazama nani?"

Aliyejibu ni Mama Hoza, kutoka kule nyuma, na tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Hilo linatazama shuleni. Na lile jingine linatazama jikoni kwa Shekalaghe."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Mwamuzi akasogea kwenye begonia ya Bi Kaoneka. Maua yake yalikuwa madogo, lakini yote yalimkodolea macho kama watoto wanaopigwa picha. Hakukaa hapo sana. Ufunguo ukaenda kwa Bi Kaoneka.

Nje ya ukumbi Shekalaghe alimshika Mzee Singano bega. "Pole, jirani. Lakini kosa lako ni moja. Ungeligeuza zaidi upande wangu, lingeshinda."

Mzee Singano akafungua mdomo, na nadhani alitaka kumwomba radhi. Mama Hoza akamwahi.

"Twende nyumbani, Baba Hoza. Mgeuza kopo kwa kila mpita njia, ua lake halina uso."

Hakugomba. Alisema tu, akatangulia kwenda kufunga mizigo. Ndiyo siku maneno hayo yaliposemwa kwa mara ya kwanza.

Kiazi cha begonia hakiwezi joto la Tanga, kwa hiyo kabla ya kuondoka Mzee Singano alipeleka kopo lake kwa Bi Kaoneka.

"Nikuwekee upande gani?" mama yule akamwuliza.

"Upande wowote unaopenda wewe."

"Umeona? Hata sasa!" Bi Kaoneka akalipokea kopo huku anatikisa kichwa. "Nitaliweka ukutani. Litajichagulia lenyewe."

Wakashuka Tanga. Mama Hoza akarudi kwenye beseni lake.

Huko Kwendulele kopo likakaa ukutani. Watu wa sokoni walipita, walimu walipita, Shekalaghe alikuja makusudi kuchungulia, na hakuna aliyethubutu kumwambia Bi Kaoneka geuza. Msimu ulipofika, begonia ikatoa maua madogo kuliko ya mwaka uliopita. Yote yalitazama upande mmoja. Mwenye ufunguo haruhusiwi kushindana mwaka unaofuata, kwa hiyo Bi Kaoneka akalipeleka kopo ukumbini kwa jina la mwenyewe, Mzee Singano. Likashinda. Kesho yake akamwita dereva wa basi.

"Ukifika Tanga, mwambie Singano ua lake limepata uso. Aje achukue ufunguo wake, miche imenichosha."

Wakapanda. Mama Hoza alivaa sweta kabla basi halijaanza hata kupandisha mlima.

Asubuhi ya kwanza kitaluni, Mzee Singano aliliweka kopo lake kando ya ukuta, na mtu wa sokoni akasimama nje ya uzio wa miti.

"Mzee Singano! Karibu tena nyumbani! Hebu geuza hilo kopo tulione."

Mama Hoza akaacha kumwagilia. Mkono wa mzee ulikuwa umeshafika kwenye kopo. Ukabaki hapo. Kisha akauondoa, akautia mfukoni, ulimokuwa ufunguo.

"Zunguka," akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "Mlango uko kule."

Yule mtu akazunguka. Wala hakukasirika.

Shangazi aliponyamaza, Kibwana alikuwa na hindi lilelile mkononi tangu mwanzo wa hadithi. Akaliweka chini, akasimama.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Kwa nahodha wa Chini. Namwambia siwachezei."

"Chini? Wenye jezi mpya? Kama ni mimi ningewaacha Juu, maana hata mpira wao una kiraka."

Shangazi akanirushia gunzi, likanipata sikioni. Kibwana akasita mlangoni. Akatazama njia ya kwenda Chini, akatazama ya kwenda Juu, kisha akanitazama mimi.

"Mgeuza kopo kwa kila mpita njia," akasema, "ua lake halina uso."

Akashika njia ya Chini, na mimi nikabaki na rundo lake la mahindi.