Mteja Aliyekatazwa Kufa

Hapo zamani, simu za mkononi zilipokuwa zote ni mali ya Sultani, palikuwa na mji uitwao Kiwengele, na mtawala wake alikuwa Sultani Hafidhi bin Shaali, mtu mnene, mpenda kula na mpenda kusifiwa, na katika hayo mawili sijui lipi alilipenda zaidi. Aliyetaka simu alipewa na Sultani, na akishapewa alichovya kidole katika wino akakitia kwenye mkataba wa miaka saba. Miaka saba ikiisha, mkataba ulijihuisha wenyewe kwa miaka saba mingine, haumuulizi mtu, haumwamshi mtu. Kuingia ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi.

Maana sheria ya kutoka ilisema hivi: mteja na aje mwenyewe, kwa miguu yake, asimame mbele ya karani mkuu na kutamka mara tatu, "Nimeuacha, nimeuacha, nimeuacha," kama mtu atoaye talaka. Basi watu walikuwa wakienda, wakaketi barazani kwa karani, wakangoja. Na ili wasichoke, Sultani aliwawekea mpiga zumari, naye alijua wimbo mmoja tu, tena nusu yake. Kila akifika katikati alirudi mwanzo. Mara kwa mara alisimama mnadi akawatangazia kwamba Sultani anawapenda wateja wake wote, na karani anamhudumia mwingine, kwa hiyo waendelee kusubiri. Huyo mwingine hapana aliyepata kumwona. Wengi walikwenda kuvunja mkataba mmoja wakarudi nyumbani na simu mbili.

Ikawa mshona kofia mmoja zumari ilimshinda. Akajilaza, akavishwa sanda, akabebwa hadi makaburini huku mkewe akilia kwa kulipwa, na mkataba wake ukafutwa, maana siku hizo kifo kilikuwa bado kinavunja mkataba. Siku ya tatu akaonekana sokoni akigombania bei ya mihogo. Sultani aliposikia alighadhibika hata kilemba kikamlegea, akatoa amri mji mzima: tangu leo, ni marufuku mteja kufa kabla mkataba wake haujavunjwa. Mwenye mkataba hai ni hai. Akitokea wa kukata pumzi, ruhusa kumzika, kwa ajili ya afya ya mji, lakini asiliwe matanga, asisomewe hitima, na mkewe asikae eda. Na atakayewaambia jamaa zake "poleni" atakuwa amekikadhibisha kitabu cha Sultani, naye atachapwa fimbo thelathini.

Haukupita mwaka akafariki Kombo wa Dadi, mchimba visima, kwa homa ya siku nne. Alimwacha mkewe, Mwanaidi, hana mtoto wala mama, ana kaka mmoja tu. Majirani wakamwosha Kombo, wakamzika kimyakimya, na kila aliyeulizwa alijibu kwamba wanamsindikiza mteja mapumzikoni. Wakarudi wakaingia makwao wakafunga milango. Asubuhi yake Mwanaidi alipokwenda kisimani, wanawake wakamtazama macho yamejaa machozi, wakamwambia, "Hujambo, bi Mwanaidi? Na bwana Kombo, hajambo?" Naye hana budi kujibu, "Hajambo, yupo."

Akalijibu hilo siku moja, siku kumi, mwezi. Akaenda kwa Kadhi kuomba akae eda kama wanawake wengine. Kadhi alikuwa mtu mwema ila mwoga, akatoa simu yake akampigia Kombo. Sauti nyororo ya bibi wa kasri ikasema, "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye." Kadhi akatia simu mfukoni, akamwambia Mwanaidi kwamba amesikia kwa masikio yake: hapatikani kwa sasa, haikusemwa amekufa, na atajaribu tena baadaye. Ndivyo alivyofanya kila Alhamisi.

Sasa huyo kaka yake Mwanaidi jina lake Mbwarali, na kazi yake kutengeneza miavuli, katika mji ambao mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka. Hakuwa na mbele wala nyuma. Watu walimwita punguani, maana ukimwambia "ngoja hapa" atangoja papo hapo hata kesho, na ukimwambia "nyumba hii ni yako" ataanza kusogeza vitanda. Lakini dada yake alimpenda, naye alimpenda dada yake kuliko kitu chochote duniani.

Siku moja, mwezi wa nane tangu Kombo azikwe, Mwanaidi alimjia akiwa amekauka macho, akakaa juu ya rundo la miavuli mibovu.

Akasema, "Kaka, Ijumaa hii miaka saba ya mkataba wa Kombo inatimia. Ukijihuisha, nitasema 'hajambo, yupo' miaka saba mingine. Mimi sitaki mali, sitaki mume mwingine. Nataka kumlilia mume wangu, basi. Nataka mtu mmoja aniambie pole."

Mbwarali alitamani kumwambia pale pale, na fimbo zije. Mwanaidi akamziba mdomo kwa kiganja, maana kila ukuta wa Kiwengele ulikuwa na mteja nyuma yake.

Basi Mbwarali akaenda kwa karani mkuu, mzee mwembamba aitwaye Shekue. Akangoja siku mbili na zumari masikioni, na ilipofika zamu yake akaeleza kwamba amekuja kuuvunja mkataba wa shemeji yake, Kombo. Karani akamwambia aje mwenyewe. Mbwarali akasema hawezi kuja, amezikwa. Karani akafungua kitabu, akapitisha kidole, akasema hapa ameandikwa hai, na kama anaumwa, basi akipona aje.

Mbwarali akauliza kama kuna njia nyingine yoyote ya kuuvunja. Karani akajibu hapana, ila ipo njia ya kuuongeza, nayo haina foleni. Hapo Mbwarali akashukuru sana, akaondoka anacheka peke yake. Mpiga zumari akasikitika, akadhani wimbo umemwehua mtu mwingine tena.

Sasa sikilizeni kilichomchekesha. Sultani Hafidhi alikuwa na desturi yake moja. Kila mteja aliyehuisha mkataba aliletwa mbele yake Ijumaa baada ya swala, naye Sultani alimlisha kipande cha halua kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamuuliza, "Je, umeridhika na huduma zetu?" Na mwaka aliotawazwa alikuwa ameapa mbele ya mji wote, kwa kilemba cha babu yake, kwamba kila mteja ahuishapo mkataba, yeye Sultani hatatia chakula kinywani mpaka mteja huyo amjibu. Kiapo hicho hakikupata kumsumbua, kwa sababu nyuma ya kila mteja alisimama askari mwenye upanga, na watu walijibu kabla hata ya kumeza.

Ijumaa ikafika. Sultani amekaa barazani, Waziri Makame kulia kwake, Kadhi kushoto kwake, Karani Shekue na kitabu chake. Ndani harufu ya pilau la mbuzi imeanza kutoka. Wateja watano wakalishwa, wakaridhika upesi. Sultani akaanza kuinuka. Ndipo Mbwarali akajitokeza mbele, amevaa kanzu ya kuazima, akasujudu hadi kofia ikamdondoka.

Akasema, "Ewe Sultani mtukufu, nimekuja kwa furaha. Shemeji yangu Kombo wa Dadi mkataba wake umejihuisha hivi leo, naye bado hajalishwa halua wala hajaulizwa kama ameridhika."

Sultani akamtazama karani, karani akafungua kitabu, akakiri kwamba ni kweli, Kombo wa Dadi amehuishwa asubuhi. Sultani, ambaye visima vya mji havikumhusu na jina la Kombo hakuwahi kulisikia, akaamuru aletwe haraka kabla pilau halijapoa. Mbwarali akasema hawezi kuja, ila mkataba wenyewe umeandikwa kwamba huduma ya Sultani humfuata mteja popote alipo. Karani akapekua, akakuta ndivyo ilivyoandikwa, tena kwa wino mwekundu. Sultani akamgeukia Kadhi kuuliza kama kiapo kinaweza kungoja hadi baada ya chakula. Kadhi akainama akasema kwamba katika kiapo chenyewe neno "baada ya chakula" halimo.

Basi Sultani akaondoka, sahani ya halua mkononi, na baraza zima nyuma yake, na mpiga zumari nyuma ya wote kwa kuwa hakuna aliyemwambia abaki. Mbwarali akawaongoza. Wakapita soko, wakapita kiwanda cha chokaa, wakafika makaburini, akasimama mbele ya kaburi moja lisilo na jiwe wala jina, akasema, "Huyu hapa, bwana."

Watu wakatazama chini. Sultani naye akatazama, kisha akamtazama karani, na karani akakitazama kitabu. Kitabu kilisema hai. Na sheria ile Sultani aliitoa kwa kinywa chake, mbele ya watu hawa hawa. Hakuwa na la kufanya. Akachuchumaa kwa taabu, maana tumbo halikumruhusu, akaweka kipande cha halua juu ya mchanga, akakohoa.

"Ewe mteja wetu mpenzi, Kombo. Je, umeridhika na huduma zetu?"

Kimya.

Akauliza tena, na tena kwa sauti kubwa zaidi, huenda mteja yuko mbali na mnara. Siafu wakaja wakaanza kula halua. Waziri Makame akadai ameona mchanga ukitikisika, nayo ni dalili ya kuridhika. Mbwarali akamshukuru, akauliza kwa upole kama kiapo kilisema mteja ajibu au mchanga utikisike. Kadhi akasema mteja. Karani akatoa shauri apigiwe simu, Sultani akapiga kwa mkono wake, na ile sauti nyororo ya kasri lake mwenyewe ikamwambia mbele ya watu wote kwamba mteja hapatikani kwa sasa, tafadhali ajaribu tena baadaye.

Wakakaa. Jua likazidi kushuka, vivuli vikarefuka. Sultani Hafidhi alikuwa mtu wa milo mitano kwa siku, na tangu asubuhi alikuwa amekula miwili tu. Jirani na makaburi kulikuwa na bibi mmoja anakaanga samaki, na upepo ulimwonea Sultani, ukaleta harufu yote upande wake. Mate yakamjaa. Zumari ikarudia nusu ya wimbo mara ya mia. Sultani akamtupia mpigaji kiatu, akakosa.

Mbwarali akasema, "Bwana, tusimharakishe. Mkataba mpya ni wa miaka saba, bila shaka atajibu kabla haujaisha."

Hapo Sultani akaruka juu, kilemba kikamfunguka hadi begani, akanguruma, "Atanijibuje, ewe punguani? Mtu huyu amekufa! Hamwoni nyote kwamba amekufa?"

Neno hilo lilikuwa halijatamkwa hadharani Kiwengele kwa muda mrefu. Watu wakashikana mikono. Kadhi, aliyekuwa mwoga maisha yake yote, akachomoa kalamu sikioni, akaandika katika daftari lake kwamba Kombo wa Dadi amekufa, na shahidi ni Sultani mwenyewe.

Karani Shekue akainua kidole. Akakumbusha kwamba hata hivyo mkataba haujavunjwa, kwa maana mteja hajaja kwa miguu yake wala hajatamka mara tatu. Sultani akamtazama kwa macho ambayo mimi nisingependa kutazamwa nayo, akakinyakua kitabu, akapiga kelele mwenyewe, "Nimeuacha, nimeuacha, nimeuacha!" na kuuchana ukurasa ule vipande vipande. Kisha akaiona sahani, na halua iliyobaki ndani yake, akaikomba yote kwa vidole vitano.

Alipokuwa bado anatafuna akaanza kucheka. Alicheka halua ikamtoka puani, akamwambia Mbwarali kwamba hajawahi kushikwa kwa mdomo wake mwenyewe namna hii, na kwa akili hizo aombe zawadi yoyote, iwe farasi, iwe nyumba, iwe simu mpya.

Mbwarali hakucheka.

Akasema, "Bwana, nyumba sitaki, na simu Mungu aniepushe nayo. Dada yangu yuko nyumbani, miezi minane ana msiba na hana ruhusa ya kuwa nao. Wewe ndiwe uliyemkataza mumewe kufa. Naomba uje ukamwambie."

Sultani akaacha kucheka. Akajifunga kilemba, hakukifunga vizuri, akafuata.

Mwanaidi alikuwa uani akitwanga. Aliona kilemba, askari, Kadhi, karani, akadhani wamekuja kumchukua kaka yake, mchi ukamponyoka. Sultani akasimama mlangoni. Mtu huyu ambaye kwa maneno hakuwa na mpinzani akasema lile lile wanalosema watu wote.

"Pole, mwanangu. Mumeo amefariki."

Mwanaidi akakaa chini palepale kwenye pumba, akalia. Alilia kwa sauti ya mtu aliyenyamaza miezi minane, na sauti ikavuka ukuta. Milango ya mtaa mzima ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Wanawake wakaja mbio, kanga vichwani, wengine mikono ina unga, wakamkumbatia, kila mmoja akimwambia pole, pole, pole, mpaka wakawa wengi uani hapana pa kukanyaga. Majamvi yakatandikwa nje kwa wanaume, na Sultani Hafidhi, njaa ingali inamuuma, akakaa jamvini miguu ameikunja pamoja na wachimba visima wenzake Kombo, akangoja, kama wangojavyo wengine, matanga yaanze.