Ufunguo wa Nyumba ya Mvungwe

Hapo zamani, wala si zamani sana, Bwana Mbwambo alinunua mlima Mvungwe kule Upare ili aufanye uwanja wa gofu. Watu walicheka. Mlima ule, kiazi kikikudondoka juu unakwenda kukiokota mtoni, na upepo wake huvua watu vilemba.

Kileleni ilibaki nyumba moja ya mawe. Bwana Mbwambo akaahidi kwamba atakayeufanya mpira utulie mlimani, nyumba ile ni yake.

Nakiete, mkata nyasi, aliisikia ahadi akiwa na mtoto mgongoni. Alizaliwa katika nyumba ile. Mama yake alifia mle. Tangu wahamie bondeni, kila jioni alitazama juu, na akiliona dirisha la jikoni ndipo chakula kilipompita kooni.

Akaja Senkondo, mchora viwanja. Akachora mashimo yakifuatana kupanda mlima. Mipira ikabingirika mpaka mtoni. Akachora yakiukata mlima kwa ubavu, kama matuta. Mipira haikubingirika tena, lakini upepo ukaichukua. Akachora, akachana. Akachora, akachana.

Nakiete akamwonea huruma. "Kaka, umeupima mlima wote. Umewahi kumlaza mtoto hapa?"

"Dada, hata mimi mwenyewe sijalala."

Basi Nakiete akamweleza. Wanawake wa Mvungwe, wakilima maharage, hawalazi mtoto popote. Huweka khanga chini, ikipeperuka, husogea. Ikitulia, hapo ndipo pa kulala. Vibonde vya namna hiyo vilikuwa tisa, na mama yake alimwonyesha vyote. Senkondo akasimika bendera tisa za mashimo, moja kila kibonde.

Lakini Bwana Mbwambo alitaka wageni waone mbali. Akamwamuru Mrutu, mkata miti, aangushe miti yote ya ukingoni mwa vibonde. Mrutu akainua shoka, akamwona mtoto wa Nakiete amelala kibondeni, khanga haitikisiki. Akalishusha. Akaagizwa tena, akakataa tena. Akafukuzwa siku ileile, na kabla hajaondoka akamchotea Nakiete maji.

Kabla mkataji mwingine hajapatikana, siku ya kujaribu ikafika. Upepo ukavuma, miti ikaupokea. Mpira ukatua, ukatulia. Mara tisa.

Bwana Mbwambo akawaita wote watatu, hata Mrutu aliyemfukuza, mlangoni pa nyumba ile.

Senkondo akasema bila mchoro wake mipira ingekuwa mtoni. Wanawe wawili wanalelewa na ndugu, kila mmoja mji wake. Anatamani wale sahani moja.

Mrutu akasema bila miti vibonde vingekuwa njia ya upepo. Mkewe amerudi kwao kwa kukosa pa kukaa. "Alisema nikipata mlango, nimwite."

Nakiete akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilionyesha vibonde. Na ninataka mwanangu apate joto la jiko lililonipa joto mimi."

Bwana Mbwambo akashindwa kuamua. Akaweka ufunguo juu ya ukuta, akasema wapatane wenyewe kabla hajamaliza chai yake. Wasipopatana, nyumba itakuwa stoo ya mashine za nyasi.

Nakiete ndiye aliyekuwa karibu na ufunguo. Akautazama, akawatazama wale wawili, akatazama dirisha la jikoni.

Haya, ninyi mnaosikiliza, chai inakwisha kikombeni. Mchoro, vibonde, miti: je, ufunguo ule mngemtia nani mkononi?