Fundi wa Kalafati na Ufa Alioutilia Shaka

Imesimuliwa kwamba katika mji mmoja mdogo wa pwani ya Hadhramauti, zama za waja wema waliotutangulia, palikuwa na fundi wa vyombo aitwaye Mikdamu bin Rashiki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kukalafati, yaani kushindilia pamba iliyolowekwa mafuta ya papa katika maungio ya mbao ili maji yasipenye. Alikuwa mtu wa dhikri. Kila pigo la nyundo aliliambatanisha na tasbihi, na wavuvi wakaitakidi kwamba chombo kilichopitiwa na mkono wake na ulimi wake hakivuji. Itikadi hiyo yeye hakuifundisha, ila hakuikanusha.

Mwaka mmoja nahodha Ghalibu bin Sururi aliazimia kwenda kuvua kilindini, mahali ambapo nchi kavu haionekani wala mtu haogelei akafika. Matayarisho yakafuata utaratibu wake. Kwanza chombo kilipandishwa ufukweni, Mikdamu akakikalafati ubavu mmoja, kikageuzwa, akakalafati wa pili. Kisha mishipi mirefu ikanyooshwa mchangani na kukaguliwa fundo baada ya fundo. Kisha yakapakiwa mawe ya kutia uzito, juu yake chumvi ya kuhifadhia samaki, na juu ya chumvi mitungi ya maji na vikapu vya tende. Hatimaye wakangoja bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mpevu, kwa kuwa maji mengine yasingeweza kukiinua chombo kizito kutoka pale kilipolalia ubavu wake wa kushoto.

Ilikuwa ada ya watu wa mji ule kuombana radhi kabla ya safari ya kilindini. Mabaharia na mafundi walisimama duara kando ya chombo, kila mmoja akataja alilomkosea mwenzake, naye akasamehewa. Siku ile Shaddadi, baharia aliyependa mzaha, alikiri kwamba ndiye aliyekula tende za nahodha safari iliyopita.

"Nilijua," akasema nahodha. "Hakuna mwingine anayetemea kokwa kwenye makubadhi yangu."

Watu wakacheka, na zamu ikamfikia Mikdamu. Desturi yake ilikuwa kusema, "Nisameheni nilichokusudia na nisichokusudia," na jambo likaishia hapo. Mara hii, kabla hajatamka, alijiuliza ni kitu gani hasa anachokiombea msamaha. Akaupitia ubavu wa chombo akilini mwake, ubao kwa ubao. Alipofika kwenye ufa wa chini kabisa, ule unaopakana na mkuku, ule mti mkubwa wa chini ya chombo, aliikumbuka dhikri aliyokuwa akiisoma pale, utamu wake, na machozi yaliyomtoka. Pamba hakuikumbuka.

Alijua kwamba akisema, chombo kitakosa bamvua, na watu watajua kuwa dhikri waliyoiona ngao yao huenda ndiyo iliyomsahaulisha kazi yao. Alijua pia kwamba asiposema, hakuna atakayemuuliza.

"Fundi, tumekusamehe," akasema nahodha. "Maji yanajaa."

"Mnasamehe msichokijua, nahodha. Ufa wa chini, ubavu huu uliolaliwa, nautilia shaka. Huenda sikuutia kitu."

"Huenda?"

"Naam. Huenda."

Nahodha alikuwa na elimu kiasi ya fikihi, akamwambia, "Wewe mwenyewe hutuambia kwamba mwenye udhu akishuku tu kuwa umemtoka, huswali kwa udhu wake ule ule. Yakini hubaki. Basi na sisi tuache twende."

"Umeipindua hukumu, nahodha. Nina yakini kwamba ufa ulikuwa wazi nilipoanza. Ninachokishuku ni kama niliuziba. Kwa hukumu hiyo hiyo, ufa bado u wazi."

Nahodha akaamuru chombo kipakuliwe.

Wakateremsha tende, wakateremsha mitungi, chumvi na mawe, maji yakiwafika magotini. Wakakilaza chombo upande wa pili. Mikdamu akapiga magoti, akapitisha kidole katika ufa ule tangu mwanzo hadi mwisho. Pamba ilikuwa imejaa, imeshindiliwa sawasawa.

"Haya, Sheikh Shaka," akasema Shaddadi, "tuzibe nini?"

"Alhamdulillahi," akasema Mikdamu, naye akainua jiwe la kwanza kulirudisha.

Walipomaliza kupakia, maji yalikuwa yamekwisha kurudi nyuma. Waliondoka kwa bamvua iliyofuata, wakawakuta samaki wamehama, wakarejea salama na chumvi nyingi isiyotumika. Lile jina la Sheikh Shaka likaenea mjini. Nahodha akamwita fundi mwingine, na wenye vyombo vikubwa wakamfuata. Mikdamu hakulalamika wala hakujitetea. Akabaki na vidau vya wavuao karibu, akishindilia kwa ulimi uliotulia. Akimaliza ufa huupapasa wote kwa kidole, kisha ndipo humsabihi Mola wake. Alipoulizwa sababu, alisema, "Nilikuwa nikimtaja Mwenyezi Mungu huku amana aliyonipa i mkononi mwangu nami sina habari nayo."

Msimu wa pili ukapita. Ghalibu akarudi kutoka kilindini na chombo kilichojaa, akamwendea Mikdamu kabla hajafika nyumbani kwake.

"Kilivuja?" akauliza Mikdamu.

"Hata tone."

"Basi umekuja kwa lipi?"

"Yule fundi nilimuuliza kabla ya safari kama ana shaka na mahali popote. Akasema hana, na wala hakugeuka kutazama. Tangu siku ile kila nikijilaza nasikia maji. Nimeshuka ngamani, kule chini yakusanyikapo maji, na kupanda mpaka mabaharia wakanicheka. Ndugu yangu, kalafati wewe. Na ukitilia shaka, sema. Nitapakua."

Wapo wasemao kwamba Mikdamu aliwaharibia watu msimu bure, kwa kuwa ufa ulikuwa mzima. Nao hawakukosea kuhusu ufa. Lakini pale duarani yeye hakutakiwa kuithibitisha hali ya ufa. Alitakiwa aseme alichokijua, akakisema kama kilivyo, bila kukipunguza wala kukizidisha, na malipo yake akayasubiri kwa Mwenye kuyajua yaliyofichika. Ewe Mola, tujaalie ndimi ziikirizo shaka pale ambapo uhai wa wenzetu umewekwa mikononi mwetu.