Msasi Huogopa Mwiba

Msasi huogopa mwiba. Naam, Pandu, nimesikia ulivyocheka. Shuleni mmefundishwa kwamba msasi haogopi mwiba, ukadhani bibi yako amezeeka na maneno yanamgeukia mdomoni. Hayajageuka yenyewe. Niliyageuza mimi, na methali hii ilizaliwa hivi.

Mwaka ule hapa Uzimbani tulipanda mihogo mara tatu. Mara mbili nguruwe mwitu waliifukua ingali michanga, wakiongozwa na dume mmoja mweusi mwenye meno kama mundu. Mara ya tatu tulipanda vipande vya mwisho vya mbegu. Kama navyo vingeliwa, tungehama. Wengine walikwisha kufunga mikeka yao.

Marehemu baba yangu aliniachia mbwa watatu wa mawindo, wa asili ya huku kwetu kwenye mawe: wadogo, wekundu, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo. Huyu aliyelala miguuni pangu ni wa damu hiyo hiyo. Hawabweki. Ndiyo maana huvishwa njuga shingoni: njuga ikikimbia, mbwa anafukuza, ikilia mahali pamoja, amemzuia mnyama. Niliwalisha uji wa mtama na vichwa vya dagaa, nikawaogesha maji ya mwarobaini wasishikwe na kupe, na kila jioni nikazipaka nyayo zao mafuta ya nazi. Watu wakasema, "Mize hana mume, ana mbwa." Yule mkubwa wao nikamwita Tutaona.

Mkuu wa wasasi alikuwa Vuai bin Mcha, mtu shujaa, sitamsingizia. Lakini aliushika mwiko wa wazee: baragumu likishalia, msasi hainami mpaka damu ya kwanza imwagike. Anayeinama, walisema, amemsujudia nguruwe. Mkuki ukikuponyoka, uliuacha hapo hapo. Kiatu kikikatika, ulikwenda peku.

Asubuhi ya msako aliniita mbele ya watu.

"Mize, unakuja kwa heshima ya marehemu baba yako. Ukituharibia, mbwa wale nitawagawia wanaume."

"Sawa, Ami Vuai."

Baragumu likalia. Tukapenya ukanda wa vichaka vya miiba, wasasi kumi na wawili na mbwa kumi na wanane. Upande wa pili tukakuta nyayo mbichi za dume. Mbwa wote walisimama wakitetemeka kwa hamu. Hakuna aliyelia, hakuna aliyechechemea. Hiyo ndiyo sifa ya mbwa hawa, na ndiyo hatari yao: hawalalamiki. Usipomtazama mguu, hujui kama anaumia.

Nikainama.

"Inuka," Vuai akasema taratibu.

"Nakagua miguu, Ami."

"Inuka, mwanangu. Baragumu limelia."

"Limewalilia nyinyi. Hawa wana miiba." Nikamwonyesha mmoja, mrefu kama sindano, niliouchomoa kati ya vidole vya Tutaona.

Ussi, mchekeshaji wao, akasema, "Mngojeeni. Akimaliza miguu atawasuka nywele."

Wakacheka, isipokuwa Vuai.

"Msasi haogopi mwiba," akaniambia.

"Msasi huogopa mwiba, Ami. Mguu unaokimbia leo si wako."

"Basi na mbwa si wako tena," akajibu. Wakawaachia mbwa wao, wakaniacha nimepiga magoti.

Nilikagua miguu kumi na miwili. Nilichomoa miiba tisa. Nilijua nikishindwa siku ile sitawaona tena mbwa wa baba. Kisha nikawaachia.

Hatua mia mbele nikamkuta mbwa wa Ussi chini ya kichaka, analamba kiganja cha mguu. Mbele yake wawili wengine. Njuga zilizokuwa zimetangulia zikanyamaza moja baada ya moja, na wanaume wakasimama juu ya jiwe wakitega masikio, hawajui waende upande gani.

Ndipo njuga tatu zikalia bondeni, mahali pamoja, bila kuhama.

Nilifika wa kwanza. Mbwa wangu walikuwa wamembana dume kwenye ukuta wa jiwe, mmoja kila upande. Akanigeukia. Tutaona akamrukia sikio, akaning'inia, na mimi nikausukuma mkuki wa baba nyuma ya bega kwa uzito wangu wote. Dume akapiga magoti. Wanaume walipowasili, Ussi alikuwa amembeba mbwa wake mikononi.

Wiki ile tulilimaliza kundi zima, na kila msasi alichomoa miiba kwanza. Mihogo ikakomaa. Mikeka ikafunguliwa, hakuna aliyehama.

Lakini jioni ya siku ile ile alipouawa dume, Vuai alisimama mbele ya kijiji kizima.

"Mbwa ni wako, Mize, na sifa ni yako. Ila mwiko umeuvunja. Sema tu 'niwieni radhi,' tuyamalize."

"Siombi."

"Neno moja tu, mwanangu."

"Niliinama kwa mbwa, Ami. Kwa neno hilo siinami."

Aliniuliza tena kila mwaka mpaka uzee ukamzuia kwenda msituni, na kila mwaka aliniuliza huku amechuchumaa, ameshika mguu wa mbwa wake, anatafuta mwiba.

Msasi huogopa mwiba. Kamwambie mwalimu wako, Pandu, kwamba bibi yako ndivyo alivyosema, na radhi haombi.